Ushuhuda Mbele ya Bapya

Kwa miaka mingi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mtu aliyetaka kusimulia msiba wake mbele ya wageni alikwenda kwanza kwa Liliane. Msicheke. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, na Liliane, mwanamke wa Bukavu aliyesomeshwa na masista na kuongoza kwaya, aliijua kuliko mtu yeyote kambini. Wageni wa mashirika walikuja na kofia zao pana na chupa zao za maji, wakaketi kwenye viti vya plastiki, wakangoja ushuhuda: mtu asimame aeleze nani aliuawa, alikimbia vipi, alipita wapi. Nao ushuhuda una namna yake. Liliane aliwakusanya watu nyuma ya kanisa la mabati akawafundisha.

"Usianze na politique, bazungu bataboreka," alikuwa akiwaambia. "Anza na ile asubuhi. Ulikuwa unapika nini? Taja jina ya mutoto. Kisha nyamaza kidogo, muzungu apate nafasi ya kutoa miwani apanguse macho."

Hakuwafundisha uongo, na hilo lieleweke tangu mwanzo. Watu walikuwa na mambo ya kweli, tena mabaya kupita kiasi, ila waliyasimulia ovyo, wakianzia katikati, wakisahau wafu na kukumbuka mbuzi. Liliane aliyapanga tu. Na yakipangwa yalizaa matunda. Bomba la maji la upande wa sokoni lilitokana na ushuhuda wa mjane mmoja. Mafaili yaliyolala yaliamka, familia zikaitwa kuhojiwa, zikapimwa afya, zikapanda ndege kwenda Amerika. Nusu ya kwaya yake ilikwenda hivyo, na mpaka leo wanamtumia picha za theluji.

Yeye mwenyewe, mumewe Nahayo na binti yao Amanda walikuwa wamefika mwisho wa foleni hiyo. Tarehe ya safari ilikuwa imeshatoka. Waliuza kitanda, wakagawa masufuria, Amanda akawaaga wenzake wa shule kwa kilio. Kisha huko Amerika wakubwa wakafunga mlango, na ujumbe ukaja kwenye simu kwamba safari imesimamishwa hadi watakapoarifiwa. Hawajaarifiwa hadi leo. Walirudi kulala sakafuni, na kitanda chao wakawa wanakiona kwa jirani kila wanapopita.

Baada ya hapo kila kitu kilianza kupungua. Chakula cha mgao kilipungua, kisha kikachelewa. Wafanyakazi wa ofisi ya wakimbizi waliachishwa kazi mmoja mmoja, na siku moja hata benchi tulilokalia tukingoja halikuwepo. Tulizoea kuwasema wazungu, na walistahili kusemwa: walilia kwetu, wakala chakula cha mchana Lilongwe, wakasahau. Lakini walipoanza kutoweka, watu walishikwa na woga ambao hawakuutegemea.

Ndipo walipokuja wale tuliowaita Bapya, yaani Wapya. Taifa lao sitalitaja. Linainuka, na anayeinuka hapendi jina lake lichezewe. Hawakuja na viti vya plastiki wala maswali. Walikuja na mashine. Walichimba visima na maji yakatoka kweli, wakasimamisha taa za jua kando ya njia, wakasawazisha barabara mpaka vijana wa kabaza wakawa wanaimba juu ya baiskeli zao za kubebea abiria. Redio ilisema kwamba hata kule kwenye mabaraza makubwa ya dunia, panapoamuliwa mambo ya watu kama sisi, wale wa zamani wameacha viti vitupu na Bapya wamevikalia. Wamekuja pia na neno lao: heshima. Kila nchi iheshimiwe, kila serikali iachiwe watu wake, pasiwe na mtu wa kuingilia nyumba ya mwenzake.

Tulipiga makofi. Mtu aliyehubiriwa na kila mgeni kwa miaka kumi na tano akisikia kuna mgeni asiyehubiri, atafanya nini? Liliane naye alipiga makofi. Hakuna aliyejiuliza mkimbizi anakaa chumba gani katika nyumba hiyo isiyoingiliwa.

Kisha ikatangazwa kwamba msafara wa wakubwa wa Bapya utatembelea kambi, na Liliane akaona mlango mpya umefunguka. Alimfuata mumewe kibandani anapotengeneza baiskeli.

"Papa Amanda, bapya banakuja. Juma ijayo. Utasimama."

Nahayo hakuinua kichwa. Alikuwa Mrundi mpole wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa. "Nisimame niseme nini?"

"Ile yako."

Mikono ikasimama. Ile yake alikuwa ameisema mara moja tu, tangu afike Malawi, mbele ya mwanamke wa ofisi ya wakimbizi, mlango umefungwa na simu zimewekwa nje. Zamani kwao aliendesha lori la manispaa. Mchana mmoja, mwaka wa fujo, aliamriwa kupeleka mzigo bondeni. Mzigo ulikuwa vijana wa mtaa wake, na wa juu kabisa alikuwa Bigirimana, mtoto wa dada yake. Aliyetoa amri alisimama kando ya lori akila chungwa. Alikuwa afisa wakati ule. Sasa ni mkubwa kabisa serikalini kwao.

"Bale bazungu balifunga mulango kwanza, njo nikasema," alisema Nahayo. "Hawa batafunga?"

"Bale bazungu bako wapi leo?" Liliane alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya kitanda na masufuria na ya Amanda anayelala na viatu vya safari kando ya kichwa. "Bamekwenda! Bapya njo bako na nguvu sasa. Bakitaka ndege, ndege inakuja. Lakini batajuaje tuko nani? Hakuna mutu aliwaambia. Tukinyamaza tutaozea hapa, we na mi na mutoto."

"Mi naogopa, Mama Amanda."

"Mi pia naogopa. Naogopa mutoto atazeekea hapa."

Alikubali kwa ajili ya Amanda. Liliane alimkalisha nyuma ya kanisa kama alivyowakalisha wengine, akampangia: aanze na asubuhi, ataje jina la Bigirimana, anyamaze kidogo. Nahayo alijifunza kwa utii, mtu mzima akirudia msiba wake kama wimbo wa Jumapili. Liliane alimpenda sana siku ile, na alimwambia.

Msafara ulifika na mahema meupe na kamera za televisheni. Mkuu wao alikuwa mzee mwenye adabu, aliyewapa wazee mkono kwa mikono yake miwili. Alifuatana na mkalimani wao, kijana wa miwani aliyejipa jina la Kiswahili, Faraja, na aliyezungumza Kiswahili safi cha redio hata akina mama wakacheka. Wakubwa wa serikali walikaa safu ya mbele. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na magodoro ya kugawa, na Bapya walidhani shughuli imekwisha Liliane aliposhika kipaza sauti akasema kuna ushuhuda.

Ratiba haikuwa na kitu kama hicho. Faraja alimnong'oneza mkuu, mkuu akatabasamu, akaketi tena.

Nahayo alisimulia vizuri. Alianza na asubuhi, alitaja jina, akanyamaza pale pa kunyamaza. Aliutaja pia ule wadhifa wa aliyekula chungwa, kwa sababu Liliane alimwambia asiuache. Kamera zilikuwa zinawaka muda wote. Lakini Liliane, aliyezoea kutazama nyuso za wageni kuliko anavyotazama sufuria jikoni, aliona jambo lililomtia baridi: hakuna aliyevua miwani. Hakuna aliyeandika. Walisikiliza kama watu wanaosikia ugomvi wa mke na mume kupitia ukutani na wanaona haya. Mwishoni mkuu alipiga makofi kwa adabu, kambi nzima ikapiga makofi, na Faraja akasema, "Tumesikia, ndugu. Tutalishughulikia."

Walilishughulikia. Bapya si watu wa kuahidi na kusahau, hilo siwezi kuwanyima.

Haikupita muda mrefu redio ikatangaza kwamba Lilongwe umetiwa sahihi mpango mpya wa kuwarudisha wakimbizi makwao. Bapya watajenga nyumba kule, watalipa magari, na kila serikali itapokea watu wake kwa heshima. Wanaotaka wajiandikishe, ilisemwa. Siku chache baadaye maafisa wawili walikuja kwenye kibanda cha baiskeli, wakamsalimu Nahayo kwa Kichewa, wakamwambia anahitajika mjini mara moja. Hawakumfunga pingu. Mmoja alimngojea hata akanawa grisi mikononi.

Liliane alikimbilia ofisi ya wakimbizi. Alikuwa amebaki mtu mmoja pale, Valentin, na alikuwa anapanga vitu vyake kwenye katoni.

"Nahayo hajajiandikisha kurudi," Liliane alimwambia. "Muliahidi hatarudishwa. We mwenyewe ulikuwa ofisi hii wakati alisema ile mambo."

"Nakumbuka, mama." Valentin alikaa juu ya katoni. "Zamani ningepiga simu Lilongwe, Lilongwe ingepiga Geneva, na hakuna gari lingewashwa mpaka tujibiwe. Mpango huu mpya haupiti kwetu. Tulialikwa siku ya sahihi. Tulipewa viti vya nyuma. Naweza kuandika kwamba tuna wasiwasi."

"Na wakisoma?"

"Watashukuru," alisema Valentin.

Basi akaenda Lilongwe mwenyewe, bila kibali cha kutoka kambini, roho mkononi. Alifikia Kawale kwa Annonciata, fundi cherehani wa kwao Bukavu, aliyejificha katika chumba cha nyuma cha duka la Mmalawi tangu wakimbizi walipofukuzwa mjini. Annonciata alimpikia nsima, ugali wa huko. Liliane aliisukuma sahani pembeni.

"Huyu muume wangu nimemuuza na mudomo yangu," alisema, akalia mpaka Annonciata akasimamisha mashine.

"Basi umukomboe na mudomo," Annonciata alisema. "Nenda kwao. Bapya bako na adabu, hawafukuzi mutu mulangoni. Sema ule ushuhuda ni uongo. Sema we njo ulitunga. Kama hakuna ushuhuda, hakuna mutu kule kwabo anamutafuta tena. Bamuache arudi ku camp."

Liliane alilitazama wazo hilo kutwa nzima. Lilimchukiza. Kazi yake yote ilisimama juu ya jambo moja, kwamba wafu wa watu ni wa kweli. Lakini wafu hawadhuriki tena, na Nahayo alikuwa hai.

Annonciata alisema kweli, hawakumfukuza. Faraja mwenyewe alitoka getini kumpokea, akamkalisha kwenye kiti cha ngozi, akamletea chai. Alisikiliza, akaenda ndani, akarudi akasema mkuu anakubali jambo hili lisafishwe mbele ya wote linalowahusu, kesho asubuhi, kwa uwazi. Liliane aliitikia asante mara nyingi, na kwa muda aliamini kweli kwamba dunia mpya ina mahali pa kukaa hata watu wake wadogo.

Kesho yake walikuwa watu wachache mezani. Mkuu wa msafara. Faraja pembeni yake. Afisa mmoja wa wenyeji mwenye macho ya usingizi. Na bwana mwembamba wa suti ya kijivu, aliyetoka serikalini kwao Nahayo, aliyesimama Liliane alipoingia na kumwita shemeji. Kisha akaletwa Nahayo. Alikuwa amenyolewa na kupewa shati jipya. Alikaa alipoelekezwa, macho kwa mkewe.

"Mama, tuambie," alisema Faraja.

Liliane alisimama. Maisha yake yote aliwasimamisha wengine. "Ule ushuhuda ni mi nilitunga," alisema. "Papa Amanda hakubeba bantu. Hakuona kintu. Mi njo nafundishaka bantu kusema mbele ya bageni, uliza camp yote batakuambia. Nilitaka ndege. Nilimulazimisha. Munisamehe, na yeye mumuache arudi nyumbani Dzaleka."

Faraja alitafsiri. Bwana wa kijivu alimgeukia Nahayo, akauliza kwa upole mkubwa, "Ni kweli, ndugu yangu?"

Nahayo alimtazama mkewe. Liliane alijua yeye mwenyewe anamwomba mumewe nini: amtoe Bigirimana kwenye lori lile, aseme mtoto wa dada yake hakuwahi kulala pale, na ikiwa hakulala pale basi hakufa, na ikiwa hakufa basi yuko wapi? Alimwomba hivyo kwa macho, mbele ya watu, na aliona jinsi ilivyomuuma.

"Ni kweli," alisema Nahayo. "Sikuona kitu. Sikuendesha lori."

Bwana wa kijivu alishusha pumzi. Aliegemea kiti, akafungua mikono. "Nilijua tu! Nilisema tangu mwanzo, hizi ni hadithi za kambini. Basi tumeelewana. Mtu hakuona kitu, hakufanya kitu, hana ugomvi na yeyote kwao. Sasa anaogopa nini kurudi?"

Liliane alimgeukia afisa wa wenyeji.

Afisa wa wenyeji alijikuna shingo. Alisema karibu kwa kuomba radhi. "Mama, mkimbizi ni mtu mwenye hofu ya kweli. Tulikuwa tumempa hifadhi kwa sababu ya ile habari. Sasa mmesema wenyewe, nyote wawili, kwamba haikuwepo."

Mkuu aliitikia kwa kichwa taratibu tafsiri ilipomfikia, na usoni kwake palikuwa na nafuu ya kweli, ya mzee aliyepatanisha majirani.

"Apana!" Liliane alipiga meza, vikombe vikaruka. "Ni kweli! Yote ni kweli! Nilidanganya sasa, hapa hapa! Alibeba bantu, alibeba mutoto wa dada yake, na huyu," akamwelekezea kidole bwana wa kijivu, "huyu anajua! Mukimupeleka batamuua! Munasikia? Batamuua!"

Alimtazama Faraja, na akaona kwamba kijana anamwamini. Alikuwa amepauka. Alimgeukia mkuu, akasema maneno machache. Mkuu akajibu machache kuliko hayo.

"Anasema mama amechoka," Faraja alisema. "Aletewe maji."

"Umemuambia nini?"

"Ulivyosema. Yote."

"Na we? We unaniamini?"

"Mimi ni mkalimani, ndugu," alisema Faraja, na macho yake yakarudi mezani.

Liliane aliwageukia mmoja baada ya mwingine. Wazungu aliwajua, uvivu wao na machozi yao ya haraka, lakini daima palikuwa na mtu mmoja chumbani, msichana fulani mwenye kalamu, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza tena: mama, ipi ndiyo kweli? Hata kama hakujali, alilazimika kuuliza. Hapa hakuwepo. Watu wote mezani walikuwa wamekubaliana, na wote walikuwa wameridhika.

"Usiseme tena, Mama Amanda," alisema Nahayo. Sauti yake ilikuwa imetulia, ile ya nyumbani. "Bamesikia yote mbili. Bamechagua."

"Mi njo nilikuleta hapa, Papa Amanda. Mi njo nilikuleta."

"Tulikuja pamoja." Alitaka kumgusa, lakini bwana wa kijivu alikuwa ameshamshika kiwiko, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kuinuka, akimwambia kwa Kirundi twende, twende, gari linangoja, nyumba yako mpya ina bati la buluu. Nahayo alitembea. Mlangoni aligeuka. "Amanda asitoke shule," alisema, kisha wakatoka.

Maji yaliletwa kweli, kwenye glasi safi juu ya sahani. Gari lilipokuwa likitoka getini Liliane alikuwa ameishika glasi hiyo bila kunywa, na mkuu wa msafara alikuwa amesimama mbele yake, ameinama kidogo, akimnyooshea mikono yake miwili amuage.